Ekwaro na Filimbi Iliyonuka Pombe

Mtu akisema mbele yangu kwamba kupiga filimbi ni kazi ya wavivu, leso inajifunga yenyewe kiunoni. Awe mwalimu, awe askari wa forodha na kofia yake, nitamwambia akae chini anisikilize. Nimemwona Ekwaro akiifanya kazi hiyo tangu tukiwa wadogo, na nakuambia kweli kabisa, kulima nusu eka ya wimbi ni nafuu.

Mimi ni Anjeline, binti wa Echodu, wa hapa Amagoro. Kati ya boma letu na boma la kina Ekwaro kulikuwa na kijito tu. Yeye alichunga ng'ombe upande wao, mimi nilichota maji upande wetu. Filimbi yake ya kwanza ilikuwa bua la jani la mpapai. Bua hilo lina tundu ndani tayari, kazi yako ni kukata ncha mbili na kutoboa kwa mwiba. Asubuhi linalia vizuri, saa sita limelegea, jioni limelala kama mboga iliyochemshwa. Kwa hiyo kila siku Ekwaro alikata jingine, mpaka mpapai wa mama yake ukabaki na upara. Mama yake, Atyang, akamchapa. Kesho yake akahamia kwenye mpapai wetu.

Ndivyo tulivyojuana. Nilimkuta juu ya mti wetu nikamrushia mawe, na jiwe la tatu likampata. Badala ya kulia akashuka, akanionyesha bua alilokata, akasema, "Hili lenu lina sauti kuliko letu." Sasa mtu kama huyo utamfanyia nini?

Baada ya mabua akaenda kwenye matete ya kando ya mto Malaba. Matete yalikaa wiki mbili, tatu, lakini yalimchana midomo, na siku hizo ukimsalimia anakujibu kwa kichwa. Mwishowe akapata mianzi kutoka kwa wanawake walioteremsha mizigo kutoka upande wa Mlima Elgon. Hapo akatulia. Mwanzi ulikuwa na ukuta mnene na sauti ya kifuani.

Hakuwa na rula. Rula yake ilikuwa mkono wake. Vidole vitatu kutoka mwisho, tundu. Upana wa gumba, tundu la pili. Gumba tena, la tatu, gumba tena, la nne. Na kwa kuwa alikuwa bado anakua, vidole navyo vilikuwa vinakua, na filimbi zikakua pamoja naye. Filimbi ya mwaka huu haikukubaliana na ya mwaka uliopita. Alikuwa akizipiga zote mbili, moja baada ya nyingine, halafu anacheka peke yake. Watu walifikiri ana wazimu kidogo. Mimi nilikuwa nimesimama ng'ambo na mtungi wangu, nao ulikuwa umejaa zamani.

Sasa nikueleze jambo moja la kwetu, maana bila hilo hutaelewa balaa lililotupata. Mwanzi ukikaushwa na jua la Desemba hupasuka. Kwa hiyo filimbi mpya huloweshwa siku tatu katika ajon, pombe yetu ya wimbi, mwanzi unywe ushibe na nyuzi zake zifunge. Na kila unapotaka kupiga, unamimina funda moja ndani, unaigeuza, unamwaga, ndipo inaamka. Hakuna mtu kwetu anayeuliza kwa nini. Ni kama kuosha mikono kabla ya kula.

Na pombe yenyewe ndiyo ilikuwa mshahara. Palipokuwa na mavuno, palipozaliwa mapacha, palipokuwa na wazee wamezunguka chungu na mirija yao mirefu, Ekwaro aliitwa. Akipiga vizuri anapewa mrija. Akipiga vizuri sana anapewa mrija na nafasi karibu na mzee mwenye boma. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu na jina lake lilijulikana hadi Malaba, na mali yake yote ilikuwa mashati mawili.

Baba yangu, ambaye sisi tunamwita Papa, alikuwa mzee wa kanisa na hakugusa pombe. Alikuwa na kaka yake mkubwa, Aluka, mpiga filimbi aliyewashinda wote wa zamani hizo. Aluka alilipwa kwa mrija miaka ishirini. Alikufa kabla hajafika miaka arobaini na mitano, bila mke, bila mbuzi hata mmoja, na Papa ndiye aliyembeba mgongoni kumtoa kwenye boma la watu. Tangu siku hiyo Papa hakucheka. Simaanishi alikuwa mkali. Alikuwa mtu mwema, alisalimia, alisaidia, lakini cheko lake mimi sikulijua. Nilizaliwa nikalikuta halipo.

Basi mwaka wa sitini na tano, nikiwa na miaka kumi na tisa, Ekwaro akaja na wajomba zake wawili kuniomba. Mimi nilikuwa jikoni nimebandika sikio ukutani. Nilikuwa namtaka mtu yule mpaka chakula hakishuki, nasema wazi, sioni haya.

Papa aliwakaribisha vizuri, akawapa viti na chai. Halafu akamwuliza Ekwaro, "Unafanya kazi gani?"

"Filimbi, mzee."

"Nimesikia. Nakuuliza kazi."

Wajomba wakatazama viatu vyao. Ekwaro akasema tena, polepole, "Mzee, ni filimbi."

Papa akasema maneno ambayo nimeyashika mpaka leo. "Mpiga filimbi anaishi mdomoni mwa chungu. Kaka yangu alikuwa hivyo. Siku utakapoitwa kupiga filimbi na mtu ambaye hana chungu cha pombe nyumbani kwake, aliyekuita kwa sababu ya filimbi peke yake, nifahamishe nije nione kwa macho yangu. Ikiwa hivyo tutaongea. Ikiwa sivyo, Anjeline ataolewa na mtu mwingine, na mwaka huu hautaisha."

Nikakaa chini jikoni, palepale kwenye majivu. Amagoro nzima, ni nani asiye na chungu? Hata katekista alikuwa nacho, nyuma ya nyumba, amekifunika gunia.

Nilimkasirikia Papa, halafu nikamkasirikia Ekwaro kwa kuitikia "sawa, mzee" kama mtu aliyeombwa kuleta kuni. Nilipomfuata kijitoni nikamwuliza, "Sawa ya nini? Utamtoa wapi mtu huyo?" Akaniambia, "Sijui. Lakini ningesema si sawa angenifukuza." Huyo ndiye Ekwaro.

Mungu hamtupi mja wake, nasi hatukutupwa. Mwezi wa kumi na moja, siku ya soko hapa Amagoro, alikuja Mzee Edris wa Busia. Mzee Edris alikuwa na malori mawili na duka la chumvi na mablanketi, Mwislamu wa mji, na ukimwuliza kabila alikuwa anacheka, anakuambia babu zake walikuwa wengi mno. Alikuja kununua madume wawili kwa Papa, kwa sababu alikuwa anamwoza binti yake, Ziada, kwa kijana wa ng'ambo, upande wa Uganda. Wakati wanatazama meno ya dume, Ekwaro alikuwa kwenye kona ya soko anaijaribu filimbi mpya. Mzee Edris akaacha meno ya dume.

"Huyo ni nani?" akauliza.

Papa akasema, "Ni kijana wa hapa tu."

Mzee Edris akamwendea. "Kijana, wakwe zangu wanakuja na ngoma zao, watanipasua masikio. Mimi nataka kitu ambacho wao hawana. Njoo Busia siku ya harusi. Bwana harusi akishuka barabarani, wewe unatangulia na filimbi yako mpaka mlangoni. Utaweza?"

"Nitaweza, mzee."

"Kwangu hakuna pombe. Utakula pilau na utalipwa haki yako."

Nilikuwa nimesimama na kikapu cha mihogo, kikaanguka. Papa alinitazama, akatazama mihogo, akatazama mbinguni. Halafu akamwambia Mzee Edris, "Na mimi nitakuja." Mtu wa neno lake.

Siku zilizobaki sikulala vizuri kwa furaha. Na Atyang, mama yake Ekwaro, naye akasema mwanawe hataiabisha Amagoro mbele ya watu wa mji. Ekwaro akachagua mwanzi bora kuliko yote aliyowahi kuipata, akakata, akatoboa, akasugua. Atyang akapika ajon ya wimbi teule, ile ya kupokea wakwe. Filimbi ikalazwa humo siku tatu, ikanywa ikashiba. Nami nilipita pale siku ya pili, nikafunua chungu, nikaitazama imelala chini kama samaki, nikasema, "Vizuri sana." Haki ya Mungu, hakuna hata mmoja wetu aliyefikiri. Ukimwambia mtu wa kwetu asiloweke filimbi, ni kama kumwambia apike ugali bila kuchemsha maji.

Siku ya harusi tuliondoka alfajiri, mimi na Papa, kwa baiskeli, mimi nimekaa kwenye keria na viatu vyangu mkononi visipate vumbi. Ekwaro alikuwa ametangulia jana yake na lori lililobeba madume. Tulifika Busia jua likiwa limepanda. Nyumba ya Mzee Edris ilikuwa imejaa, vitambaa vimefungwa kwenye nguzo, wanawake wamezunguka masufuria ya pilau, harufu ya bizari imefika mpaka kizuizi cha mpakani. Papa alikaribishwa barazani, kwenye mkeka wa wazee, na koti lake jeusi la kanisani na chai ya tangawizi mkononi. Mimi nikaenda nyuma kusaidia kumenya vitunguu.

Ekwaro alikuwa nyuma pia, karibu na jiko, anaipasha filimbi moto kwa pumzi. Alinikonyeza. Nikajifanya nalia kwa sababu ya kitunguu.

Akapita Hadijah, mke wa Mzee Edris, na sinia ya tende. Akasimama. Akarudi nyuma hatua mbili. Pua yake ikapanda juu.

"Nani ameleta pombe kwangu?"

Wanawake wakatazamana. Kila mmoja akaanza kumnusa mwenzake. Hadijah akafuata pua yake, akapita sufuria, akapita mimi, akafika kwa Ekwaro, akachukua filimbi mkononi mwake, akaisogeza puani, akamtupia mapajani kama kaa la moto. "Ya Allah! Ni huu mti!"

Mwanzi ule ulikuwa umekunywa siku tatu, na sasa umepashwa moto, ulikuwa unatoa ile harufu ya Atyang kama umefungua chungu. Huko nje ngoma zilikuwa zinasikika kwa mbali. Lori la bwana harusi lilikuwa limeshafika mpakani.

Hadijah alikuwa mama mwema. Alituangalia, mimi na Ekwaro, nadhani alielewa kitu, akashusha sauti. "Sikiliza, mwanangu. Mzee asijue, ataona ni dharau. Kuna marashi kule chumbani, kuna karafuu. Pakaza ndani na nje, nani atanusa watu wakiwa wengi hivi? Piga, maliza, uende."

Nikamwambia Ekwaro, "Haya, fanya haraka!" Nilikuwa nimeshasimama kuyafuata hayo marashi.

Ekwaro akatingisha kichwa. "Mama, asante. Lakini mzee aliniambia kwake hakuna pombe. Siwezi kumpitishia pombe mlangoni nimeipaka marashi."

Nilitaka kumfinya. Sikufichi, mimi ningedanganya. Ningepaka marashi, karafuu, na mafuta ya nazi juu yake, na ningeapa kwa jina la bibi yangu. Nikamwambia kwa Kiteso, nimeuma meno, "Ekwaro, hii ni siku moja tu! Papa yuko pale barazani!" Akaniambia, "Najua." Akainuka, akaenda. Mjinga mkubwa, nilisema moyoni, mjinga ninayempenda.

Nikamfuata mpaka kwenye kona ya baraza nikasimama nyuma ya nguzo. Ekwaro akapiga magoti mbele ya Mzee Edris, mbele ya wazee wote na mbele ya Papa, akaiweka filimbi chini, mbali kidogo na mkeka.

"Mzee, filimbi yangu imelowekwa kwenye pombe. Ni desturi ya kwetu, mwanzi usipasuke. Sikufikiri. Nimekukosea nyumbani kwako."

Mzee Edris akaweka kikombe chini. "Imelowekwa siku ngapi?"

"Tatu, mzee."

"Pombe ya nani?"

"Ya mama yangu. Ile nzuri."

Mzee mmoja akakohoa, kikohozi ambacho hakikuwa kikohozi. Mzee Edris hakucheka. Akaitazama ile filimbi kwa muda. "Umefanya vizuri kuniambia," akasema. "Lakini hiyo haitapigwa kwangu, hata ukiiogesha kwa asali. Unayo nyingine?"

"Ninazo tatu, mzee, lakini hakuna ambayo haijaonja."

"Basi ndugu yangu, sina la kufanya. Kaa, utakula na wageni wengine."

Ikaishia hapo. Ngoma zilikuwa zimekaribia, hata unasikia watu wakiimba. Papa akasimama. Akavaa kofia yake, akashuka barazani, akaenda moja kwa moja kwenye baiskeli yake iliyokuwa imeegemea ukuta. Nikajua yamekwisha. Nikachukua viatu vyangu nikamfuata, machozi yananitoka kweli sasa, si ya kitunguu. Nilikuwa tayari kukaa kwenye keria nirudi nyumbani nikaolewe na mwenye ng'ombe yeyote.

Papa akainama. Akafungua pampu kutoka kwenye baiskeli.

Baiskeli ile Papa aliinunua Tororo mwaka wa hamsini na nane, na pampu ile ya chuma hata mama yangu hakuruhusiwa kuigusa. Ilikuwa inafutwa kwa kitambaa kila Jumapili, baada ya ibada. Akachomoa mti wake wa ndani na ile ngozi yake yenye grisi, akavitia kwenye mfuko wa koti. Akalitazama bomba tupu dhidi ya jua, akapuliza kidogo. Halafu akarudi barazani, akasimama mbele ya Ekwaro.

"Hii haijawahi kunywa kitu chochote," akasema. "Toboa."

Ekwaro alimtazama kama mtu asiyesikia. "Mzee, ni pampu yako."

"Kwani sijui ni yangu? Toboa, watu wanafika!"

Ng'ambo ya barabara kulikuwa na Osman, fundi wa baiskeli, mtu wa kunung'unika lakini mwenye mikono ya haraka. Tulivuka sote mbio, hata Papa na kofia yake. Osman akasikia maneno mawili tu, akabana bomba kwenye jiliwa, akakata ile ncha iliyozibwa kwa msumeno. Ekwaro akaweka vidole vitatu, akachora kwa msumari. Gumba, akachora. Gumba, akachora. Gumba, akachora. Lakini kwa haraka ile alama moja ikakaa upande. Osman hakungoja, keekee ikazunguka, vipande vya chuma vikaruka. Ekwaro akachonga pa kupulizia kwa tupa. Papa alikuwa amelishika bomba kwa mikono miwili lisicheze, na jasho linamdondoka puani. Sijawahi kumwona Papa anashikia mtu kazi bila kutoa maagizo.

Likaoshwa kwa sabuni. Likapelekwa kwa Mzee Edris. Akalinusa mwanzo, akalinusa mwisho, na wazee wote wakinyoosha shingo.

"Grisi," akasema. "Grisi haina neno. Nenda!"

Ekwaro alifika barabarani wakati bwana harusi, Muzafaru jina lake, akiwa anashuka kwenye lori. Akaweka chuma mdomoni, akapuliza. Mama yangu wee! Ilitoka sauti ya garimoshi linalotaka kuondoka stesheni ya Malaba. Wapiga ngoma wakaacha kupiga. Watoto wakaziba masikio. Mtu mmoja akauliza kwa Kiganda ni nini kimeumia.

Ekwaro akaishusha, akaifuta, akajaribu tena, polepole, kwa pumzi ndogo kama anaongea na ndama. Sauti ikaja. Haikuwa ile ya kifuani tuliyoizoea. Ilikuwa nyembamba, inang'aa, inaruka juu ya vichwa vya watu na kwenda zake hadi ng'ambo. Lile tundu la upande lilikuwa halifai, likiguswa linapiga chafya, kwa hiyo wimbo mzima aliupiga akiliruka, na kila alipoliruka wimbo ukawa na kigugumizi fulani kizuri, mabega ya watu yakajikuta yanakifuata. Ngoma za ng'ambo zikasikiliza kidogo, zikakipata kile kigugumizi, zikaingia chini yake. Hapo hukujua tena nani ni wa upande gani. Hadijah alitoka jikoni na mwiko mkononi. Ziada mwenyewe, bibi harusi anayetakiwa kuwa ametulia chumbani, uso wake ulionekana dirishani. Muzafaru aliletwa mpaka mlangoni, Mzee Edris akasema, "Mrudisheni barabarani, aje tena!" Wakamrudisha. Alikuja mara tatu.

Nilimtafuta Papa kwa macho. Alikuwa amesimama peke yake kwenye ngazi, kofia mkononi. Hakucheza, hakupiga makofi. Lakini hakukaa chini mpaka filimbi iliponyamaza.

Tulikula. Alasiri Papa akasema twende, njia ni ndefu. Hakumuaga Ekwaro, hakuniambia chochote, na mimi kwenye keria nilikuwa nautazama mgongo wake nikijaribu kuusoma. Mgongo wa Papa haukuwa na maandishi. Tukapita Alupe, tukaanza kilima, na hapo gurudumu la nyuma likasema pssss.

Papa akashuka. Akauchomoa mwiba, akaweka kiraka vizuri, akangoja gundi ikauke, kwa subira, kama anavyofanya kila kitu. Halafu akanyoosha mkono kuchukua pampu.

Mkono ukabaki hewani.

Akautazama huo mkono. Mimi nikatazama nyasi. Na wakati huo, kwa chini kule, kwenye kona ya barabara, tukasikia pampu yetu inakuja. Ekwaro alikuwa amekataa kungoja lori la kumrudisha kesho yake, akaamua kutufuata kwa miguu, na alikuwa anapiga njia nzima, anaruka lile tundu bovu, hajui kama tuko karibu hivyo. Alipotuona akanyamaza, akakimbia, akaipeleka kwa Papa kwa mikono miwili, kwa heshima zote.

"Mzee, pampu yako. Ulinisaidia, asante."

Papa akaipokea. Akayatazama yale matundu manne. Akatazama gurudumu lililolala. Akaweka jicho kwenye pampu, akamwona Ekwaro kwa upande wa pili. Na kitu kikaanza tumboni mwake, mabega yakatikisika, nikafikiri amepatwa na ugonjwa, nikamshika mkono. Ilikuwa ni cheko. Papa alicheka mpaka akaketi kwenye nyasi na koti lake jeusi, akacheka mpaka kofia ikaanguka, akijaribu kusema neno na neno halitoki, na mimi nilisimama pale na miaka yangu kumi na tisa nikilisikia kwa mara ya kwanza. Lilikuwa cheko kubwa, la mtu mnene, na Papa alikuwa mwembamba.

Alipomaliza akajifuta macho. Akamrudishia Ekwaro lile bomba, akashika usukani, akaanza kuisukuma baiskeli kupanda kilima. Ekwaro akatembea kando yake. Mimi nyuma yao, viatu mkononi.

Kwetu baba wa msichana haulizi swali kama lile. Huulizwa na wajomba, kwa kuzunguka, kwa siku nyingi, na vikao vitatu au vinne. Papa aliuliza mwenyewe, pale barabarani, bila kugeuza kichwa.

"Ng'ombe utaleta lini?"

Nikaviacha viatu vikaanguka, nikapiga kigelegele mpaka ndege wakatoka kwenye mashamba ya pande zote mbili, nikapiga tena, na Papa hakuniambia ninyamaze.